Jibu: upeleke wapi ikisari yako ya kwanza

Umeuliza upeleke kwenye mkutano gani ikisari, yaani muhtasari mfupi, ya kazi yako ya kwanza ya EEG (upimaji wa umeme wa ubongo) kuhusu kumbukumbu. Ningeanza na mkutano wa Cognitive Neuroscience Society, chama cha wanaotafiti ubongo na fikra, ambao kwa kawaida hufanyika Machi au Aprili. Huhitaji kutoa hotuba; bango, yaani karatasi kubwa ya matokeo inayobandikwa ubaoni, linatosha kabisa. Ule wa Society for Neuroscience, chama cha wanasayansi wa ubongo wa kila aina, hukusanya makumi ya maelfu ya watu, na bango la mgeni humezwa humo. Psychonomic Society, chama cha wanasaikolojia wa majaribio, hukutana Novemba, na huwafaa hasa wenye majaribio ya tabia yasiyo na vipimo vya ubongo.

Ikisari nyingi huanguka kwa sentensi moja: "matokeo yatajadiliwa." Mhakiki atapima nini hapo? Taja idadi ya washiriki, kazi waliyopewa, wimbi la ubongo ulilolipima na muda wake kwa milisekunde, kisha tofauti uliyoiona pamoja na ukubwa wake. Kama hujamaliza kuchambua data, subiri mwaka ujao.

Kabla ya kuchapisha bango, soma vipimo vya ubao wa mwaka huo huo. Karatasi ya A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9; ukiichapisha wima na ubao ukawa mfupi, sehemu ya chini itaning'inia, na ndiko watu wengi huweka hitimisho! Herufi zisipungue pointi 24, na grafu kuu ikae usawa wa macho.

Kama mkutano uko nje ya nchi yako, barua ya mwaliko ya viza iombe siku ileile ikisari inapokubaliwa, maana foleni ya ubalozi inaweza kuwa ya miezi.