Jimny yangu inazungusha matairi ya nyuma tu: nianze kufunga nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni daktari wa mifugo wilayani Lushoto. Nimenunua Suzuki Jimny ya mwaka 2008, cc 1,300, gia za mkono, ili nivifikie vijiji vya juu ya Mlalo hata wakati wa masika. Juzi nilikuwa kwenye mlima wenye utelezi, nikabonyeza kitufe cha 4WD, cha kuvuta kwa magurudumu yote manne. Taa ikapepesa tu bila kutulia, matairi ya nyuma yakazunguka, ya mbele yakatulia kimya. Wanakijiji ndio walionitoa kwa kusukuma. Fundi wa hapa mjini anashauri gari linyanyuliwe inchi 3, lifungwe matairi ya inchi 31, bampa ya chuma na winchi. Nianze na kipi? Upepo wa matairi uwe kiasi gani? Na nikishuka Mombo, niiache 4WD imewaka?

JIBU: Marahaba, daktari. Katika hivyo vinne ulivyoshauriwa, hakuna hata kimoja kitakachoyafanya matairi yako ya mbele yazunguke. Ng'ombe aliyevunjika mguu humvishi kengele mpya.

Kwenye Jimny ya aina yako, ukibonyeza kitufe, kazi mbili hufanyika. Giaboksi ndogo inaipelekea propela ya mbele (shafti inayokwenda kwenye ekseli ya mbele) nguvu, halafu habu, yaani vitovu vya magurudumu ya mbele, zinajifunga kwa hewa inayofyonzwa na injini kupitia vimipira vyembamba. Vimipira hivyo vinapita karibu na magurudumu, mahali penye matope, mawe na vijiti. Baada ya miaka vinakauka, vinapasuka au vinachomoka, na sili za ndani ya habu nazo zinachoka. Hewa ikivuja, habu haifungi: propela inazunguka lakini gurudumu halipati kitu. Taa kupepesa kidogo kisha ikatulia ni kawaida. Ikipepesa bila kukoma, anza kushuku huko.

Unaweza kupima mwenyewe. Nenda kwenye uwanja wa udongo, si lami. Usukani ukiwa umenyooka, washa 4WD, kisha ukate hadi mwisho na utembee taratibu kwa gia ya kwanza. Kama mbele kumeshika, gari litakuwa zito na kujikokota kana kwamba limekanyagiwa breki. Likigeuka kwa wepesi wa kila siku, unaendesha gari la magurudumu mawili. Fundi afuatilie mipira yote kuanzia kwenye injini hadi kwenye habu, abadilishe iliyochoka, kisha aangalie sili. Binafsi, kwa gari la masika, napenda zaidi habu za kufunga kwa mkono. Utashuka na kuzungusha kabla ya kuingia kwenye tope, na utachafuka, lakini utakuwa na uhakika. Ukizifunga hizo, mipira ya zamani izibwe vizuri.

Sasa hayo ya kunyanyua. Jimny ina ekseli nzima mbele na nyuma. Springi ndefu zinanyanyua bodi, lakini difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inabaki palepale ilipokuwa, na difu ndiyo inayokwaruza mgongo wa barabara. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Tairi la kiwandani la 205/70R15 lina kipenyo cha milimita 668 hivi. La 215/75R15 lina 703, yaani difu inapanda karibu sentimita 2, na kwa kawaida linaingia bila kukata chochote. Hilo ndilo ningekufungia, lenye meno ya tope ya wastani. La inchi 31 ni milimita 787. Gia zako zote zitakuwa ndefu kwa asilimia 18 hivi, injini ya cc 1,300 italia kwenye kila mlima, na spidomita ikisoma 60 wewe utakuwa kwenye 70. Ukichanganya na bodi iliyonyanyuliwa, kwenye njia zenye korongo upande mmoja, mimi sipandi gari hilo.

Upepo wa kila siku fuata kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Ukiiacha lami na kuingia kwenye mawe na mashimo, shusha hadi psi 20 hivi. Kwenye tope au mchanga, 16 hadi 18 zinatosha kwa gari la tani moja na kidogo. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Kwa hiyo kipimo cha upepo na pampu ndogo ya umeme vitangulie winchi, ambayo uzito wake wote utakaa puani mwa gari jepesi.

Nyuma weka chepe, panga, mbao mbili imara, na kamba ya kuvutia yenye shakeli (vyuma vya kuunganishia kamba) zinazolingana na uzito wa gari. Masanduku ya chanjo yafunge chini, si juu ya paa. Usifunge kamba kwenye kile kidude cha mviringo cha kuvutia trela, maana kikikatika kinaruka kama risasi. Tupa koti zito katikati ya kamba, na wale vijana wanaokuja kusaidia (hata ukikwama porini, watatokea tu) wasisimame kwenye mstari wa kamba wala nyuma ya gurudumu linalozunguka.

Kwenye mlima wa udongo mwekundu uliolowa, chagua gia ukiwa bado chini. Simamisha gari, kanyaga klachi, ingiza 4L (4WD ya gia nzito za mwendo mdogo), anza na gia ya pili na usiibadilishe njiani. Matairi yakianza kuteleza, punguza mafuta na uchezeshe usukani kidogo kushoto na kulia ili mabega ya tairi yatafute pa kushika. Likishindwa kabisa, usijaribu kugeuza. Rudi kinyumenyume, injini ikiwa inanguruma kwenye gia ya rivasi, mguu mbali na klachi. Kushuka ni 4L gia ya kwanza, tena bila klachi. Nyuma ikianza kukupita, ongeza mafuta kidogo sana badala ya kukanyaga breki.

Kuna tatizo moja ambalo wenye magari makubwa hawalijui. Fuso zinazobeba mboga zinachimba mifereji miwili, na upana wa Jimny ni mdogo kuliko nafasi iliyopo kati ya mifereji hiyo. Ukijaribu kuifuata yote miwili, gurudumu moja linatumbukia, jingine linabaki juu ya mgongo, gari linalala upande. Panda juu kwa makusudi: gurudumu moja kwenye mgongo wa katikati, jingine kwenye ukingo wa nje, mfereji mmoja upite chini yako. Ukingo ukiwa umelika na chini yake ni bonde, shuka ukaukague kwa miguu kwanza.

Mombo ushuke kwa 2WD, yaani matairi ya nyuma tu, hata mvua ikinyesha. Gari lako halina difu ya kati ya kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zipishane mwendo, kwa hiyo kwenye lami ya kona nyingi ekseli za mbele na nyuma zinavutana, na kinachoumia ni giaboksi ndogo.

Na kama usukani unatetemeka ukifika kati ya 60 na 80, usikubali kuuziwa shokapu ya stelingi peke yake. Kwanza balansi ya matairi, kisha beringi za kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) na bushi za ile fito ndefu inayoshikilia ekseli ya mbele na chesi.