"Mbaya" ina mizani ngapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na ushairi unanitoa jasho. Tuliambiwa tutunge tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) yenye mizani, yaani silabi, 8 kila kipande (nusu ya mshororo). Ubeti wa kwanza nikaandika "Njia mbaya naihama", mwalimu akaweka alama ya vyema. Ubeti wa pili nikaandika "Mtu mbaya namhama", akaukata kwa wino mwekundu: "Mizani 9!" Neno ni lile lile. Tena kwenye uchambuzi nilisema "mato" (macho) ni tabdila, nikanyimwa alama. Huyu mwalimu ananionea?

JIBU: Hapana, mwanangu, hakuonei. Ila naona hakukueleza, na hapo malalamiko yako yana haki.

Mizani huhesabiwa kwa mdomo. Macho yatakudanganya kila siku, maana tahajia yetu huandika sauti mbili tofauti kwa herufi moja. Tamka "njia mbaya" polepole huku ukigonga dawati: nji-a-mba-ya. Umegonga mara nne. Sasa "mtu mbaya": m-tu-m-ba-ya. Mara tano. Ile "m" ya "mtu mbaya" ni "mu" iliyopoteza irabu yake, kama ilivyo kwenye "mtu" lenyewe, kwa hiyo inasimama peke yake na kudai mizani yake. Ile ya "njia mbaya" ni king'ong'o tu, sauti ya puani, kilichoigandia "b". Ndiyo maana mbuni, yule ndege, ana mizani 2 (mbu-ni), na mbuni, mti wa kahawa, una 3 (m-bu-ni). Waulize wanaotamka, usiwaulize wanaoandika.

Basi kipande chako: m-tu m-ba-ya na-m-ha-ma. Tisa. Ungesema "Mwovu huyo namhama" ungepata nane na maana isingepungua.

Washairi wa zamani walihesabu hivyo hivyo kwa sikio. Tazama utenzi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye mwaka 1858. Unaanza hivi:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati

Utenzi hutaka mizani 8 kila kipande. Ukihesabu "binti" kuwa mbili, kipande cha kwanza kina saba, na mama wa watu atakuwa amekosea neno la tatu tu tangu aanze! Hakukosea. Ni bi-n-ti, nayo "n" imepewa haki yake. Cha pili nacho kinatimia kwa sababu "m" ya "mchachefu" inasimama peke yake.

Na kwa kuwa tumefika hapo, tumalize na uchambuzi. Kwa nini "wangu binti" badala ya "binti wangu"? Vitabu vyenu huita kuboronga sarufi, jina baya kwa kazi nzuri. Mtahiniwa wa kawaida huandika "mshairi ameboronga sarufi", akaweka nukta, akangoja alama. Sema kwa nini: binti limepelekwa mwisho ili kina cha "ti" kipatane na "sanati". Mizani haikuguswa, hesabu mwenyewe. Wakikuambia uandike kwa lugha nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya ushairi, rudisha maneno mahali pake na umalize wazo: "Njoo karibu nami, binti yangu, wewe ambaye bado una umri mdogo." Nimeona wanafunzi wakinakili mishororo kama ilivyo, wakafuta koma za kati na kuamini kwamba hiyo ni nathari.

Sasa "mato". Tabdila ni pale mshairi anapobadilisha umbo la neno kusudi, mizani ikabaki ile ile. Lakini mtu wa Lamu au Mombasa akisema "mato", hajabadilisha kitu. Ndiyo macho yake hayo tangu utotoni, kama anavyosema "kuata" kwa kuacha na "nde" kwa nje. Hapo andika "matumizi ya lahaja". Kama mshairi ni wa bara na mahali pengine katika shairi hilo hilo ameandika "macho", hapo unaweza kutetea tabdila, na mimi ningekupa alama. Inkisari, yaani kufupisha neno, nayo isikupe taabu: aliyesema lina tano, "alosema" lina nne, kwa hiyo umeokoa moja. Mazida ni kinyume chake, kama "enenda" badala ya enda. Kila mara onyesha ni mizani ngapi iliyookolewa au kuongezwa, usitaje jina tupu.

Jambo moja zaidi, na hili libaki kati yetu. Katika ubeti wa tatu ulioniletea umeandika "Katika nchi ya dhuluma" na mwalimu hakuweka wino. Gonga dawati: ka-ti-ka n-chi ya dhu-lu-ma. Neno fupi kama "nchi", "nne" au "mbu" huweka mkazo wake kwenye king'ong'o, nacho kikapata mizani kamili. Ni tisa hizo. Andika "Kwenye nchi ya dhuluma" kabla daftari halijarudi mezani kwake.