Maswali yenu kuhusu Rio ya Duran Duran

Juma lililopita niliitaja Rio, albamu ya pili ya bendi ya Duran Duran, kuwa ni kati ya albamu bora kabisa za miaka ya 80. Maswali yamemiminika, mengine ya kunibishia. Nimechagua haya.

Hao kina Taylor watatu ni ndugu? – Msomaji, Tanga

Hapana, majina yamegongana tu. Mpiga gitaa la besi John Taylor na mpiga vinanda Nick Rhodes walianzisha bendi Birmingham, Uingereza, mwaka 1978. Roger Taylor akashika dramu, Andy Taylor gitaa, na mwimbaji Simon Le Bon akaingia mwaka 1980. Albamu ya kwanza ilitoka 1981, na Rio ikafuata Mei 1982.

Kubali tu: walibebwa na video. Sura nzuri, suti na boti. – Msomaji, Mombasa

Video ziliwasaidia sana, hilo silikatai. MTV, televisheni ya muziki, ilianza Marekani Agosti 1981 na ilikuwa na video chache za kurusha, wakati bendi hii ilikuwa nazo na zilikuwa za kuvutia. Mwongozaji Russell Mulcahy aliwapeleka Sri Lanka kurekodi video za “Hungry Like the Wolf” na “Save a Prayer”. Katika huu wa pili wanaonekana juu ya mwamba wa Sigiriya. Kisha wakaenda kisiwa cha Antigua, Karibi, kwa ajili ya “Rio”, ile ya jahazi la kifahari na suti za mbunifu wa mavazi Antony Price.

Lakini Uingereza albamu ilifika namba 2 wakati MTV haijatia mguu huko. Na leo, miaka zaidi ya 40 baadaye, zima skrini ubaki na sauti peke yake. Nyimbo zinasimama zenyewe. Linaloniuma ni kwamba suti zile zimewafanya watu wengi wasisikie jinsi vijana hawa walivyokuwa wakipiga.

Basi tuambie tusikilize nini humo. – Msomaji, Nairobi

Besi! Sikiliza besi ya John Taylor kwanza, mengine yafuate. Alikuwa akimhusudu Bernard Edwards, mpiga besi wa Chic, bendi ya disko ya Marekani, na athari hiyo unaisikia waziwazi katika wimbo “Rio”: besi haikubali kukaa chini ya wimbo ikishikilia noti moja, inakimbia, inaruka, inaimba wimbo wake pembeni ya sauti ya Le Bon. Chini yake Roger Taylor anapiga dramu kwa nidhamu ya disko, bila kujionyesha. Gitaa la Andy Taylor ni la roki, kali, linakwaruza. Juu ya yote hayo, vinanda vya Rhodes vinamwaga noti ndogondogo zinazojirudia. Mashabiki wa disko, wa roki na wa vinanda vya umeme wote walikuta chakula chao katika sahani moja, na prodyuza Colin Thurston alihakikisha hakuna kinachomfunika mwenzake.

Usiruke pia zile sekunde za mwanzo wa “Rio”. Sauti ile ngeni ya kung’aa ni ya vyuma vidogo ambavyo Rhodes alivitupa juu ya nyuzi za piano kubwa pale AIR Studios, London, kisha mkanda ukachezwa kinyumenyume.

Kwa nini Wamarekani walichelewa kuipenda? – Msomaji, Dodoma

Ilipotoka kwao mara ya kwanza haikuuza. Prodyuza David Kershenbaum akapewa baadhi ya nyimbo azichanganye upya ziwafae wachezaji wa disko, na albamu ikarudishwa sokoni mwishoni mwa 1982. MTV ikarusha, redio zikafuata. Mwaka 1983 “Hungry Like the Wolf” ikafika namba 3 na albamu namba 6. Ilidumu wiki 129 katika chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani.

Yule mwanamke wa kwenye jalada ni nani? – Msomaji, Kampala

Ni mchoro wa Patrick Nagel, msanii wa Marekani. Jalada lilisanifiwa na Malcolm Garrett.

Nina nafasi ya wimbo mmoja tu. Upi? – Msomaji, Zanzibar

Wengi watakuambia “Save a Prayer”, uliofika namba 2 Uingereza, nao si ushauri mbaya. Mimi nakupa “The Chauffeur”, ule wa mwisho. Maneno yake Le Bon aliyaandika mwaka 1978, kabla hajawajua wenzake, na alikuja nayo kwenye bendi ndani ya daftari lake la mashairi. Vinanda vya Rhodes ndivyo vinavyoubeba, taratibu, huku wimbo ukizidi kuwa mzito kila ubeti. Bendi iliyotaka tu kuuza sura isingeifunga albamu kwa wimbo kama huu, usio na kiitikio cha kuimbwa na umati. Ukiupenda, rudi mwanzo usikilize zote tisa kwa mpangilio wake.