Eksirei safi, pumzi haitoshi: korona na mishipa ya damu ya mapafu

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36, naishi Langoni, Lamu. Niliugua korona katikati ya mwaka 2021 nikalazwa na kuwekewa oksijeni. Nilipona, lakini tangu hapo nikipanda ngazi za nyumba yetu sifiki juu bila kusimama nivute pumzi, na moyo unanienda mbio. Nikikaa sina neno. Nimepigwa eksirei ya kifua mara mbili, zote safi, na nimeambiwa ni wasiwasi tu. Ndugu yangu aliyeko Mombasa anasema korona huziba mishipa ya damu ya mapafu. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona eksirei haioneshi? Nauliza pia kwa kuwa mimi na mume wangu tungependa kupata mtoto mwingine.

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Ndugu yako hajakosea. Na eksirei zako, ingawa ni safi na hilo ni jambo la kushukuru, hazijajibu swali lako.

Eksirei ya kifua huonesha vizuri upande wa hewa: nimonia, maji kifuani, makovu makubwa, kifua kikuu kilichokomaa. Upande wa damu huuonesha kwa shida sana. Ukipiga picha ya mji wa Lamu kutoka angani utaona mapaa yote yako mahali pake, lakini hutajua kama kichochoro fulani kimezibwa. Mishipa midogo ya mapafu ndiyo vichochoro hivyo. Inaweza kuziba mingi na picha ikabaki nzuri.

Korona huanzia kwenye njia ya hewa, lakini haiishii hapo. Kirusi huingia kwenye seli kupitia kipokezi kiitwacho ACE2, na mapigano kati yake na kinga ya mwili huuvimbisha utando laini unaotanda ndani ya mishipa ya damu. Utando huo ukiwa mzima huizuia damu isigande. Ukiumia hugeuka, ukaanza kunasa chembe zinazogandisha damu. Mwaka 2020 madaktari walichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi wa mapafu ya watu 7 waliokufa kwa korona, wakayalinganisha na ya waliokufa kwa homa ya mafua. Migando midogo ndani ya kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa, za mapafu ilikuwa mingi mara 9 kwa wale wa korona. Hao walikuwa wagonjwa mahututi kuliko wewe, kwa hiyo usijipime nao. Nawataja kwa sababu walituonesha kwamba ugonjwa huu una mkono wake kwenye mishipa.

Kwa walionusurika, mara nyingi mwili huiyeyusha migando wenyewe, na wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda. Kwa wachache mgando hauyeyuki: hugeuka kovu, ukashikamana na ukuta wa mshipa na kuubana. Damu ikilazimishwa kupita katika mishipa michache iliyobaki, shinikizo ndani ya mapafu hupanda, na upande wa kulia wa moyo ndio unaolipa. Huu ni ugonjwa wenye jina lake na matibabu yake, na ulijulikana kabla ya korona. Kati ya watu 100 waliowahi kupata mgando mkubwa wa damu kwenye mapafu, kwa sababu yoyote ile, huwapata kama 2 hadi 4. Sisemi unao. Nasema hakuna aliyekutazama kama unao au huna, na kwa dalili ulizozieleza, hilo halikubaliki.

Ngazi zako zinanieleza mengi. Ukiwa umekaa, chembe nyekundu ya damu hukaa kwenye kapilari ya pafu karibu robo tatu ya sekunde, na huhitaji takriban robo ya sekunde tu kujaza oksijeni, kwa sababu ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukipanda ngazi, moyo husukuma damu mara kadhaa zaidi, na pafu zima hufungua mishipa iliyokuwa imelala ili kuipokea. Sasa chukua pafu ambalo sehemu ya mishipa hiyo imeziba. Damu yote hupita mbio katika iliyobaki, muda wa kujaza oksijeni hupungua, na kama ukuta umenenepa kidogo kwa kovu, chembe huondoka kabla hazijajaa. Ndiyo maana mtu akikaa hana neno na vipimo vya kitandani vinatoka vizuri. Pumzi ya wasiwasi aghalabu haichagui, humkuta mtu hata amelala. Yako inakuja na kazi na kuondoka ukipumzika. Mtu wa namna hiyo hastahili kurudishwa nyumbani na neno «wasiwasi» kabla hajapimwa akiwa anatembea.

Anzia hapo hapo Lamu. Omba upimwe oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni ukiwa umekaa, kisha, muuguzi akiwa pembeni, inuka na kukaa kwenye kiti mfululizo kwa dakika moja, mkiendelea kuangalia namba. Ikishuka kwa alama 3 au zaidi, mwambie daktari akuandikie barua ya rufaa. Kama una piko vidoleni au rangi ya kucha, kibaneni kwenye kidole kisichopakwa, maana rangi huweza kuvuruga mwanga wa kifaa. Na kuna jambo ambalo wahudumu wengi hawaambiwi: kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo tazameni namba inavyoshuka, msitosheke na namba ya kuanzia.

Siku hiyo hiyo mpime wingi wa damu. Upungufu wa damu huleta dalili hizi hizi, na kwa wanawake wa umri wako ndio ningeutafuta mwanzo. Daktari akupime pia pumu, kifua kikuu, na valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kama kwenu kuna selimundu, ambayo iko kwa wingi Pwani, mwambie, kwa sababu selimundu yenyewe hupandisha shinikizo la mapafu.

Kipimo ninachokitaka kwako kuliko vyote ni eko ya moyo, ule uchunguzi wa mawimbi ya sauti. Hauumi, hauna mionzi, na hukadiria shinikizo la mapafu na kuonesha kama upande wa kulia wa moyo umetanuka. Eko ikitia shaka, hufuata CT skani yenye dawa inayodungwa mshipani, na kile kipimo kinacholinganisha hewa na damu zinavyofika kila sehemu ya pafu. Hiki cha mwisho hufanywa katika hospitali chache, na huenda ukaelekezwa Nairobi, lakini kikitoka safi kabisa huondoa karibu shaka yote ya migando sugu. CT pekee huweza kuikosa iliyo kwenye mishipa midogo.

Jambo moja hukuniandikia: miguu. Je, uliwahi kuvimba shavu la mguu mmoja, wakati ule au baadaye? Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba hatari ya mgando kwenye mapafu hubaki juu hadi miezi 6 baada ya korona. Tafuta pia karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali, uone kama ulipewa dawa ya kuzuia damu kuganda na kwa muda gani. Na ukipanda basi kutoka Mokowe kwenda Mombasa, teremka kila linaposimama, unyooshe miguu.

Dawa za kuzuia damu kuganda usizianze mwenyewe, wala usiazime warfarini, ambayo ni mojawapo, ya jirani. Asipirini si badala yake. Kujifukiza hakufiki kwenye mishipa. Ila ukizimia, ukitema damu, kifua kikikuchoma ghafla ukivuta pumzi, au mguu mmoja ukivimba, usingoje rufaa: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni kwa boti ya usiku.

Watu wa Lamu mnajua maradhi yanayoondoka yakaacha kitu nyuma. Chikungunya ya mwaka 2004 iliwapata takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa, na wapo waliobaki na maumivu ya viungo muda mrefu. Hakuna aliyewaambia ni wasiwasi.

Kuhusu mtoto, nakuomba msubiri hadi eko ifanyike. Shinikizo la juu la mapafu ni miongoni mwa hali za hatari kubwa kabisa kwa mama mjamzito, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, na moyo wa kulia uliochoka huenda usiihimili. Wakati mnasubiri, mwambie mhudumu wa kupanga uzazi akuchagulie njia isiyo na estrojeni, kwa kuwa homoni hiyo huchochea damu kuganda. Eko ikionesha shinikizo la kawaida, na sababu ya pumzi kukatika ikajulikana na kutibiwa, mnaweza kuendelea na mpango wenu. Hata hivyo, mkunga aelezwe historia hii tangu hudhurio la kwanza la kliniki, kwa sababu ujauzito wenyewe hufanya damu igande kwa urahisi, na hali hiyo huendelea hadi wiki 6 baada ya kujifungua.