Jibu: BCR-ABL imetoka 0.4% hadi 0.7%, ugonjwa umerudi?

Mkuu, umeuliza kama BCR-ABL (jini lenye kasoro linaloleta saratani hii) kupanda kutoka 0.4% (mwezi wa 8 wa kumeza dawa ya imatinib) hadi 0.7% (mwezi wa 11) ni saratani ya damu ya CML kurudi, na kwa nini wasirudie tu kipimo cha kromosomu.

Kwa namba hizo pekee, hapana. PCR, kipimo cha maabara kinachohesabu jini hilo, kwa mtu yuleyule inaweza kupishana karibu mara mbili bila ugonjwa kubadilika. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kalenda: lengo ni 10% au chini ifikapo miezi 3, 1% miezi 6, 0.1% miezi 12. Uko nyuma kidogo, lakini si hali ya kubadili dawa kwa pupa.

Kipimo cha kromosomu ya Philadelphia (ile yenye kasoro inayobeba BCR-ABL) kinagundua ugonjwa vizuri, ila kwenye ufuatiliaji ni butu. Kwa kawaida hukaguliwa seli 20, kwa hiyo seli moja tu yenye kasoro tayari ni 5%!

Sasa shika karatasi ya majibu. Maabara ni ileile? Pameandikwa IS, yaani skeli ya kimataifa ya kulinganisha majibu? Nakala za ABL1 (jini la kulinganishia) zikiwa chini ya 10,000, hata "haikuonekana" usiiamini: pengine RNA (nakala za jini ambazo PCR huzihesabu) imeharibika njiani. Damu iwekwe kwenye chupa ya EDTA, kifuniko cha zambarau. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, huzuia PCR.

Halafu dozi ulizoruka, hiyo ndiyo sababu ya mara kwa mara ya namba kupanda. Mtajie daktari idadi kamili. Rudieni kipimo baada ya mwezi 1 hadi 3. Ikipanda tena, ulizia kipimo cha mabadiliko ya jini la ABL1, hasa badiliko liitwalo T315I, ambalo imatinib haliwezi.