Kuhakiki sehemu ya mwisho ya msimu: jibu kwa aliyeuliza kuhusu komedi za runinga

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kila unapohakiki sehemu ya mwisho ya msimu wa komedi unajikuta umesimulia tu yaliyotokea, na kama ni haki kuipa alama ndogo sehemu iliyokuvunja mbavu. Kwa swali la pili jibu langu ni ndiyo, na sababu yake niliipata sebuleni kwa mama mdogo, Shangani, hapa Mtwara.

Tulikuwa tumenunua Friends, komedi ya Marekani kuhusu marafiki sita wa New York, kwa DVD sokoni, msimu baada ya msimu. Usiku tulipofika mwisho wa msimu wa 4, Ross akiwa London, amesimama mbele ya kasisi pamoja na mchumba wake Emily na kiapo ndicho kinaanza, umeme ukakatika. Tukabaki gizani tukibishana: mmoja akasema bibi harusi atakimbia, mwingine akasema Rachel, mpenzi wa zamani wa Ross, ataisimamisha ndoa. Mama mdogo, ambaye Kiingereza alikuwa akikifuata kwa mbali na zaidi alisoma nyuso, akasema tu, "Huyo kijana hayupo pale." Kesho yake umeme uliporudi, Ross akatamka jina la Rachel mahali pa Emily, na sisi wote tukapiga kelele isipokuwa yeye.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba sehemu ya mwisho hupimwa kwa deni ambalo msimu mzima umekuwa ukilikopa, wala si kwa ukubwa wa kishindo chake. Ulimi wa Ross ulitushtua lakini haukutudanganya, kwa kuwa Rachel alikwisha kusafiri kutoka New York ili amwambie kwamba bado anampenda, akamkuta amemkumbatia Emily, akaishia kumpongeza. Linganisha na mwisho wa msimu wa 5, Ross na Rachel wanapotoka kanisani Las Vegas wakiwa wamelewa na wameshaoana. Kusema kweli hapo nilicheka zaidi, lakini niliipa alama pungufu, kwa sababu waliofikishwa pale na mwendo wa msimu ni Monica na Chandler, wapenzi waliokuja kanisani hapo ili waoane, ilhali Ross na Rachel walifikishwa na pombe.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama sehemu ya mwisho, mimi huandika kwenye daftari kila mhusika anataka nini na amenyimwa nini hadi hapo. Nikimaliza, uhakiki huanzia kwenye orodha hiyo, si kwenye onyesho la kwanza, na muhtasari hukosa pa kuingilia.

Ujue pia kwamba kelele za mwisho wa msimu zina biashara nyuma yake. Kwa desturi msimu wa runinga ya Marekani huanza Septemba na kufungwa Mei, na Mei ni mmojawapo wa miezi ambayo watazamaji huhesabiwa ili kupanga bei za matangazo. Ndiyo maana harusi na mabusu hurundikwa hapo. Simlaumu mwandishi kwa kutumia harusi, bali humlaumu kwa harusi aliyoiokota njiani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mwisho wa msimu wa 2 wa The Office ya Marekani, komedi ya wafanyakazi wa ofisi moja, uliorushwa Mei 2006 na kuandikwa na Steve Carell mwenyewe, aliyeigiza kama Michael, bosi wa ofisi hiyo. Jim anamwambia mfanyakazi mwenzake Pam, aliyechumbiwa na mwingine, nje kwenye maegesho ya magari, kwamba anampenda, naye Pam anamkatalia. Baadaye Pam yumo ofisini akizungumza na mama yake kwa simu, Jim anaingia na kumbusu. Msimu unafungwa hapo bila mzaha wa kupooza, katika komedi ambayo kwa kawaida haiachi kimya kidumu. Ukikihakiki kipande hicho bila kukitaja kimya hicho, umeacha nyama ukala mfupa.

Mwisho, usiifungue sehemu inayofuata kabla hujaandika. Watazamaji wa Marekani waliachwa na kiapo cha Ross kuanzia Mei 7 hadi Septemba 24, 1998, ilhali wewe una msimu wa 5 pembeni na kidole kinawasha. Mimi huitoa diski kwenye deki na kumpa mama mdogo aishike hadi nimalize kuandika.