Kwa mkuu mpya wa chuo kidogo cha theolojia

Umeteuliwa. Barua ya askofu imesomwa, funguo za ofisi unazo, na bila shaka umeshaonyeshwa paa la bweni linalovuja. Kiti hicho nimekikalia miaka tisa, katika chuo cha wainjilisti na wachungaji nje kidogo ya mji wa Tanga, na hatukuwahi kuvuka wanafunzi thelathini na wanne. Nakuandikia kwa sababu miaka yangu miwili ya kwanza niliipoteza, na wanafunzi wa miaka hiyo wako sharikani leo wakiwa na upungufu nilioweza kuuzuia.

Niliingia na hamu ya kuongeza masomo. Nilikuwa nimeona mitaala ya vyuo vikubwa, nikaona haya kwa udogo wetu. Walimu watano tukafundisha masomo kumi na sita. Mwalimu wa historia ya Kanisa ndiye huyo huyo wa Kigiriki, wa maadili, na msimamizi wa shamba la mihogo. Wanafunzi walinakili ubaoni mpaka daftari zikajaa, nami nikaandika ripoti ndefu kwa bodi.

Kisha ikaja Jumapili moja ya Machi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana msikivu kutoka Muheza, alikuwa kwenye mazoezi ya huduma Sahare. Ibada ilipokwisha, mama mmoja muuza samaki alimvuta pembeni. Mjukuu wake wa wiki tatu alikuwa amezikwa Alhamisi, hajabatizwa. Akamwuliza, "Mchungaji mwanangu, yule mtoto yuko wapi?" Kijana akaanza kumweleza Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, na dhambi ya asili, ile ambayo kila mtu huzaliwa nayo, hoja kwa hoja, vile vile nilivyomfundisha mimi. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, asante," akajitanda khanga yake akaenda zake. Jioni kijana alinisimulia barazani, macho chini. Katika mtihani wa somo hilo alikuwa ameongoza darasa.

Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikafungua kabati la vitabu vya msaada, vingi vya Kiingereza na Kijerumani, ambavyo hakuna aliyekuwa akiviazima. Humo nikalikuta andiko fupi la Martin Luther la mwaka 1542, la kuwafariji akina mama waliofiwa na watoto kabla ya ubatizo. Anasema hamu ya moyo wa mama mwamini, hata isiyopata maneno, Mungu huipokea kama sala. Miaka yote lilikuwa hatua nne kutoka mezani kwangu! Tukalitafsiri darasani wiki nzima, Warumi 8 ikiwa wazi mbele yetu, tukibishana kama pale tuseme "kilio" au "kuugua". Wiki ile walijifunza ubatizo kuliko muhula mzima niliowafundisha.

Tangu hapo Jumatatu, saa mbili hadi saa nne, ikawa ya maswali. Kila mwanafunzi alileta swali moja aliloulizwa Jumapili, limeandikwa kwa maneno ya aliyeuliza, bila kupambwa. Nihudhurie hitima ya baba mkwe wangu Mwislamu? Mzee wa kanisa amenidhamini mkopo wa kausha damu nami nimeshindwa kulipa, nishiriki meza ya Bwana? Mwanangu ana kifafa na bibi yake amempeleka kwa mganga, nifanyeje? Walimu tulikaa na maswali hayo, tukaamua wiki hiyo tusome nini katika Maandiko na katika historia. Masomo yakapungua hadi tisa. Kigiriki hatukukiacha, ila tulikisoma polepole, sura moja ya Injili kwa muhula, kwa sababu mhubiri asiyeweza kuliangalia neno moja kwa subira hataweza kumsikiliza mtu kwa subira.

Utaambiwa unashusha kiwango. Mjumbe mmoja wa bodi aliniambia hivyo mbele ya wote. Nikamkumbusha kwamba chuo cha theolojia cha Makumira, ambacho leo ni chuo kikuu, kilianzia Lwandai, huku huku kwetu milima ya Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Hakikuanza kikiwa kikubwa. Udogo ndio unaokuwezesha kujua nani hajala vizuri, nani amefiwa, nani anahubiri kwa woga. Ukiupoteza kwa kukimbilia idadi, hutaupata tena.

Kwa wainjilisti wasioweza kuacha familia na mashamba, fikiria elimu ya theolojia kwa enezi, iliyoanza Guatemala mwaka 1963: mwanafunzi husoma kwake, mkakutana kwa vipindi. Usiifanye ya daraja la pili. Wapelekee mwalimu wako bora.

Fedha nazisema kwa ufupi. Ada nyingi zitaingia baada ya msimu wa machungwa, kwa hiyo panga manunuzi ukijua hivyo, na kila Ijumaa ingia stoo pamoja na mpishi uone unga na maharage kwa macho yako. Hesabu zisomwe mbele ya walimu kila mwezi. Na hata ukibanwa na vikao namna gani, usiache kufundisha darasa angalau moja. Mkuu asiyefundisha huanza kuwajua wanafunzi kwa majalada tu.

Yule kijana alirudi Sahare Jumapili iliyofuata na tafsiri yetu, ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wake. Alimpa yule mama shikamoo, akamwomba radhi, akaketi naye kwenye benchi la nyuma, akamsomea taratibu. Mama hakusema kitu. Alipomaliza akaiomba ile karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, pale anapofungia pesa zake.